Ushuhuda wa Kurithi

Kwanza mama yake aliacha kumwita kwa jina. Akawa anamwita "mwanangu," na Eliamani hakushtuka, maana mama gani hamwiti mwanawe hivyo? Kisha akawa anamwita "kijana." Kijana, niletee maji. Kijana, funga dirisha, vumbi linaingia. Halafu, Jumapili moja mezani, mama aliinua macho kutoka kwenye sahani ya makande, akamtazama kwa upole ule wa kumtazama mtu aliyekosea nyumba, akauliza, "Mgeni, umeshakaribishwa chakula?"

Eliamani akaweka kijiko chini. Alijua zamu yake imefika.

Ndivyo mji ule ulivyokuwa. Ulikaa juu ya kilima cheupe. Katikati ya kilima palikuwa na ukumbi, na ndani ya ukumbi palikuwa na Jumapili. Siku nyingine zilikuwepo, lakini zilipita pembeni zimeinamisha vichwa kama watu waliochelewa ibada. Jumapili ndiyo iliyokaa. Jua lilisimama kwenye alasiri moja ndefu, lile jua zito la baada ya chakula, na chini yake kila mwenye pumzi alitakiwa kuingia ukumbini, kusimama mbele ya wapendwa na kutoa ushuhuda wake: nilikuwa nani, nilitolewa wapi, sasa mimi ni nani. Aliyetoa alikumbukwa. Asiyetoa hakufukuzwa, hakutukanwa, hakunyimwa hata chumvi. Alisahauliwa tu. Alisahauliwa taratibu, kuanzia na wale waliompenda zaidi, kwa sababu wao ndio waliokuwa na mengi ya kusahau, ikabidi waanze mapema.

Waliosahauliwa walikaa uani kwa ukumbi, juu ya mawe, wasafi na wapole, nyuso zao zimefifia kama kitambaa kilichofuliwa mno. Ukipita karibu walikusalimu. Uliitikia, na kabla hujamaliza kuitikia ulikuwa umesahau unamjibu nani.

Usidhani Eliamani hakuwahi kusimama. Alisimama, tena kifua mbele, maana alikuwa kijana mwenye majivuno na sauti ya kengele.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mimi naitwa Eliamani. Nilizaliwa katika nyumba ya sala. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikaimba kwaya ya watoto, nikaimba kwaya ya vijana. Sijanywa pombe. Sijaiba, ila sukari. Nampenda Yesu."

Ukumbi ukasubiri. Benchi moja likalia.

"Halafu?" akauliza mtu wa nyuma.

"Basi."

Dada Foibe, aliyeongoza shuhuda tangu kabla ya mji kuwa mji, akamtazama juu ya miwani yake. "Ndugu Eliamani, shimo liko wapi?"

"Shimo gani, dada?"

"Ulilotolewa."

"Sikuwa shimoni."

"Jamani!" akadakia mzee mmoja wa mbele. "Mwenzetu alizaliwa juu ya ngazi!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na ndani ya kicheko mtu akaanzisha pambio. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao kwa yeyote aliyerefusha mno au aliyepungukiwa. Hawakumwambia keti, walimfunika kwa wimbo. Makofi yakaja, ngoma ikaja, akina mama wakainuka wakiyumba:

Twende mbele, twende mbele,
nyuma kuna giza tele!

Eliamani akabaki mdomo wazi ndani ya sauti zao, mpaka akaketi mwenyewe.

Je, ambaye hajapotea anaweza kusema amepatikana? Swali hilo lilimla. Lilikula usingizi wake, likala hamu ya chakula chake, likala hata majivuno yake, likabakiza mifupa tu ya majivuno, nayo ndiyo migumu. Akaona haya kwa usafi wake kama wengine waonavyo haya kwa uchafu. Akaanza kutafuta shimo. Aliingia kilabuni akainusa pombe. Ikamnukia uji wa mama yake, akarudi nyumbani. Alijaribu kumchukia jirani, na jirani akamletea mkungu wa ndizi. Akamgeukia Mungu kwa hasira: Kwa nini ulinishika mkono mapema hivyo, hata sikuhisi mkono? Wenzangu uliwaacha waanguke kwanza, ukawaachia hadithi. Mimi umenipa nini cha kusimulia? Na chini ya hasira hiyo palilala swali jingine, jeusi zaidi, asilothubutu kuliamsha: mkono wenyewe, aliwahi kuuona? Aliambiwa upo. Imani yake ilikuwa kama lafudhi yake. Ilikuwa nzuri, haina kasoro, na yote aliipata kwa waliomlea.

Na mama yake alikuwa akimkaribisha chakula kama mgeni.

Ndipo Mzee Obadia akafa, akaacha ushuhuda mkubwa kuliko shuhuda zote za mji.

Kila mtu aliujua. Watoto waliucheza uani, mmoja akiwa Obadia, mwingine akiwa mvua. Obadia alikuwa mlevi. Alikuwa na mkono mzito na roho nyepesi kukasirika. Siku moja ya masika mkewe alitoka kuanua nguo, mtoto mgongoni, na Obadia, kwa sababu ambayo hata yeye hakuikumbuka, akafunga mlango kwa komeo. Mke akabisha hodi. Obadia akanywa. Mke akabisha, mvua ikanyesha, mtoto akalia, Obadia akanywa. Baadaye mtoto akaacha kulia. Hodi ikawa laini, laini, mpaka ikawa kama kidole kimoja tu kinachogusa ubao. Obadia akasinzia, na katika kusinzia akaona nuru, na katika nuru mtu mwenye mavazi meupe akamwita kwa jina lake. Akaamka ameokoka. "Na tangu hapo, ndugu zangu," alikuwa akimalizia, machozi yakimtiririka ndevuni, "sijaonja tena hata tone!" Amina! Hapo hata mabenchi yalilia. Ukumbi mzima ulitoka ukiwa mwepesi kama uliotoka kuoga.

Siku ya kuanua matanga, ndugu walikusanyika kugawana alichoacha marehemu. Mji ule uligawa nguo, ukagawa jembe na redio, na mwisho uligawa ushuhuda, ili kitu chema namna ile kisioze pamoja na mwili. Hawakuona ubaya. Kama mtu anaweza kurithi koti la marehemu na likamtia joto, kwa nini asirithi namna alivyookolewa?

"Ushuhuda tunampa nani?" akauliza Dada Foibe. Akamgeukia mpwa wa marehemu, jitu la miraba minne lenye sauti nyembamba. "Ndugu Mbazi?"

"Mimi ninao wangu, dada. Wa bangi. Mmoja unanitosha."

Watu wakacheka kidogo, cheko la msibani.

"Nipeni mimi," akasema Eliamani.

"Wewe wa juu ya ngazi?" akauliza Mbazi. "Utauweza? Ule mzito, bwana. Mjomba mwenyewe akiumaliza alikuwa anakunywa maji jagi zima."

"Nitauweza."

Dada Foibe akamsogelea, akaweka kiganja cha baridi juu ya koo lake, akakiacha pale mpaka Eliamani akahisi kitu kikishuka ndani, kama tonge lililomezwa bila kutafunwa. "Basi," akasema. "Ni wako. Useme kama ulivyo. Usiongeze, usipunguze."

Akausema Jumapili ile ile, au Jumapili nyingine, maana zote zilikuwa moja. Alipofungua kinywa, sauti ya kengele haikutoka. Ilitoka sauti nzito yenye mikwaruzo. "Mimi ni mtu mbaya niliyependwa," akasema, na ukumbi ukaegemea mbele. Alisema ulevi. Alisema mkono. Alipofika kwenye mlango, alishangaa kuona anayajua mambo ambayo Obadia hakuyasema kamwe: ubaridi wa komeo kwenye kidole gumba, harufu ya utambi wa taa, na ule utamu. Ndiyo, utamu! Ule utamu mdogo, wa siri, wa kumsikia mtu akikuomba. Akautetemekea, wao wakadhani ni Roho. "Nikafunga mlango!" akanguruma, na mahali fulani mbali, nje, mtu akapiga ukelele mfupi. Hakuna aliyegeuka.

Mama yake akainuka kutoka benchi la nyuma, uso umelowa furaha, mikono mbele kama anayempokea msafiri.

"Obadia!" akalia. "Mzee Obadia! Mungu ni mwema!"

Wapendwa wakamkumbatia. Wakamwita mzee. Eliamani akajiambia: jina si kitu, jina litarekebishwa polepole; la muhimu ni kwamba ameniona, macho yake yamenishika.

Nyumbani mama akamwekea kiti chenye mto. Akainama, akapinda goti kidogo, akasema, "Shikamoo."

Mama yake. Aliyemzaa. Alimwamkia.

"Marahaba," kinywa kikajibu kabla hajakizuia.

Hapo ndipo alipoisikia hodi.

Ilikuwa mchana mweupe, jua limekaza juu ya kilima, majani yamekauka. Hodi ilikuwa ya kidole kimoja.

"Mama, kuna mtu mlangoni."

"Hakuna mtu, mzee wangu. Kula, chakula kinapoa."

Akaenda mlangoni mwenyewe. Akaweka mkono kwenye komeo, na mkono ukakataa.

Ni mlango tu. Vuta. Mkono, vuta. Si mkono wangu huu. Ni wangu, kovu la wembe ni langu. Basi vuta. Akiingia atasema. Akisema watajua. Wajue nini, nami sijafanya kitu? Nimesema tu nimefanya. Vuta. Ngoja kwanza anyamaze. Nani amesema hivyo? Nani ndani yangu amesema ngoja kwanza anyamaze?

Ilimchukua muda ambao siwezi kuupima, kwa sababu katika mji ule muda haukuwa na kipimo. Labda alisimama pale miaka yote ya Obadia. Nje hodi ililainika, ikalainika, na kila ilipolainika utamu ule ulipanda kooni mwake, na kila ulipopanda alitema mate chini. Mwisho akashika mkono wake wa kulia kwa mkono wake wa kushoto, kama unavyomshika mtoto mkorofi, akauvuta pamoja na komeo.

Mwanamke alikuwa amesimama kizingitini. Mvua ilikuwa ikimnyeshea yeye peke yake. Ilianzia juu kidogo ya kichwa chake, ikaishia miguuni, na nje ya hapo vumbi lilikuwa kavu. Mgongoni alifunga mbeleko. Mbeleko haikuwa na kitu, lakini aliifunga kwa uangalifu, kama ambaye hataki kuamsha.

"Naitwa Namkunda," akasema. "Hodi nimpigie nani tena? Nimechoka kusubiri karibu yenu." Akapita.

Akaketi chini, akakataa kiti. Eliamani akamletea khanga kavu.

"Acha. Haikauki. Nimeshajaribu khanga za mji mzima."

"Si mimi niliyekufungia," Eliamani akasema haraka.

"Nani basi?"

"Mzee Obadia. Amekufa."

"Obadia alipokufa nilikauka," Namkunda akasema. "Nilikauka, kijana! Nilikaa juani mlimani kwa mara ya kwanza. Nikasuka nywele. Nikacheka na watu. Halafu mtu akasema 'nikafunga mlango,' nikajikuta hapa tena, na maji haya. Kinywa kilikuwa chako. Sasa unaniambia si wewe?"

Eliamani akaikunja ile khanga kavu, akaiweka mapajani.

"Hamjui mnachonifanyia. Kila mnapousema ule ushuhuda, popote nilipo, nikiwa napika, nikiwa nimelala, narudishwa mlangoni. Kila Jumapili nafungiwa upya, nyinyi mnasema Amina. Mnalia. Mnatoka wepesi. Mimi ndiye nabaki na uzito wenu."

"Lakini alisamehewa," Eliamani akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa kwaya.

"Sikatai. Alisamehewa. Ila alisamehewa akiwa ndani, mlango umefungwa. Alipoamka, na nuru yake yote machoni, hakuja kufungua. Mmeusikia mara ngapi? Kuna mahali panaposema alifungua?"

Eliamani akaupitia moyoni toka mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta tundu. Hapakuwa na mahali hapo.

"Unataka nini kwangu?"

"Usiuseme tena. Ukisema wewe mwenyewe kwamba si wako, mbele yao, huo ushuhuda utakufa. Ushuhuda usio na kinywa hufa."

"Nikiukataa mama yangu atanisahau kabisa."

Namkunda akamtazama mama yule aliyekuwa akifuta meza na kuimba kwa pua, asiyemwona mgeni aliyelowa wala maji sakafuni. "Kwani sasa anakukumbuka?" akauliza. "Anakuamkia, mwanangu. Anamkumbuka mwanamume aliyenifungia nje."

"Nitabaki na nini cha kusema?"

"Umeona nini? Wewe. Kwa macho yako haya."

"Sijawahi kuona kitu!"

"Basi kaa kimya mpaka uone. Ni nani aliyewadanganya kwamba kimya ni dhambi?"

Wakaenda ukumbini pamoja. Walipokuwa njiani Eliamani aligundua kuwa hajui kama wanakwenda au wanarudi, na kama yeye ni mzee anayemshika kijana mkono au kijana anayeshikwa. Uani, waliosahauliwa wakamsalimu kwa jina. Jina lake lenyewe. Akaharakisha, maana liliuma kulisikia kwao.

"Mzee Obadia!" ukumbi ukashangilia. "Tupe tena! Tupe ule wa mlango!"

Akasimama mbele. Mama yake alikuwa nyuma, anatabasamu, leso tayari mkononi kwa ajili ya kulia. Ushuhuda ukapanda kooni, mtamu, umejipanga, kila neno likisukuma lenzake. Akakaza meno.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina!"

"Aliyefunga mlango ni Obadia. Mimi si Obadia. Nilivaa ushuhuda wake kwa sababu niliogopa kusahauliwa. Leo nauvua." Kitu kikakatika kooni, kama kamba ya ngoma. Sauti ya kengele ikarudi, nyembamba kuliko alivyoikumbuka. "Mwanamke aliyekuwa nje yuko hapa. Mwacheni aingie."

Namkunda akaingia. Maji yakachora mstari katikati ya ukumbi, na waliokaa pembeni wakanyanyua miguu. Hawakunyanyua macho.

Dada Foibe akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kazi ni kazi. "Dada," akasema, "una ushuhuda?"

"Ninao. Nilibisha hodi."

"Halafu?"

"Nilibisha hodi."

"Na Bwana alikutendea nini, dada yangu? Maana shuhuda zina mwisho."

Namkunda akafikiri. Alifikiri kwa haki, kama mtu aliyeulizwa jambo la kweli kwa mara ya kwanza. Mvua yake ikapungua.

"Alikuwa nje na mimi," akasema.

Hakuna aliyesema Amina. Pumzi ilikatika ukumbini, na ndani ya kimya kile, kabla hakijawa kitu, mzee wa mbele akaanzisha pambio. Twende mbele, twende mbele! Ngoma ikadandia, makofi yakaja kama mvua ya mawe. Mbazi akaimba kwa sauti yake nyembamba, macho ameyafumba kwa nguvu, na Dada Foibe akaimba analia. Walimfunika. Walifunika kila kitu. Lakini Eliamani, aliyekuwa hajui kitu kingine isipokuwa kuimba, safari hii hakuimba, na kwa kuwa hakuimba akasikia kilichokuwa chini ya nyimbo zao tangu siku mji ulipowekwa. Hodi. Kuta zote nne za ukumbi zilibishwa kutoka nje, kwa kidole kimoja kimoja, na watu wote waliotajwa ndani ya shuhuda zote: waliopigwa, walioibiwa, waliotelekezwa, waliosubiri nyuma ya neno "nilikuwa." Kadiri walivyobisha ndivyo ukumbi ulivyoimba. Akaelewa kwa nini wimbo ule lazima uwe na ngoma.

Namkunda akashika mbeleko yake, akatoka kwa mlango aliouingilia, akauacha wazi. Alipofika uani alikuwa amekauka.

Eliamani akatafuta uso wa mama yake kati ya watu waliokuwa wakiyumba. Mama alikuwa ameketi, leso mapajani. Alimtazama Eliamani akija, na hapakuwa na kitu machoni mwake. Si Obadia, si kijana, si hata mgeni wa mezani. Palikuwa peupe. Eliamani akasimama mbele yake, akasubiri maumivu. Maumivu yakaja, yakakaa.

"Wewe," mama akasema, akipaza sauti juu ya ngoma, "ndiye uliyekuwa unasema pale mbele?"

"Ndiyo, mama."

"Sikukusikia vizuri. Wameimba mno." Akasogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa leso. "Kaa. Niambie mimi. Umeona nini?"

Eliamani akaketi. Alitaka kusema nuru, akatafuta nuru ndani yake, hakuiona. Akainama karibu na sikio la mama yake, akaanza na mkono wake, jinsi ulivyokataa.